Kigango si Kinyago: Dini, Sanaa na Mwenye Neno la Mwisho

Kila muhula mjadala huu hurudi darasani kwa sura ileile. Mwanafunzi mmoja husimama akadai kwamba dini ni mama wa sanaa, na kwamba bila misikiti, makanisa na mahekalu ulimwengu usingekuwa na majengo ya kutazamwa wala nyimbo za kusikilizwa. Mwingine humjibu kwamba dini ndiyo iliyovunja, iliyochoma na iliyopiga marufuku. Wote wawili huwa na mifano, na mifano yao ni ya kweli. Lakini mimi naona wanabishania swali lisilotufikisha popote. Swali linalostahili jasho letu ni jingine: mbele ya kitu kimoja ambacho mtu wa kwanza anakiita kazi ya sanaa, wa pili anakiita sanamu ya ushetani, na wa tatu anakiita babu yake, ni nani mwenye haki ya kusema neno la mwisho?

Nitalijadili swali hilo kwa kuanzia na vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kwa kuwa sijui kisa kingine katika ukanda wetu ambamo watu hao watatu wamekutana kwa gharama kubwa kiasi hicho.

Kwa msomaji asiyevijua, kigango ni nguzo ya mbao ngumu iliyochongwa bapa, yenye kichwa na kiwiliwili, ambayo mara nyingi hufikia kimo cha mtu na kukipita. Kichwa chaweza kuwa duara tupu au sura yenye macho na pua. Kiwiliwili hutiwa nakshi za pembetatu ndogondogo zilizopangwa kwa safu, kazi ya mkono uliozoea. Miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya jamaa zao, kigango husimamishwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi ambacho mtu hakiingii bila kutoa karamu na mali. Marehemu wa kawaida huwekewa kigingi kifupi tu, na neno koma hutumika kwa kigingi hicho na kwa roho yenyewe ya marehemu. Kigango hakisimamishwi siku ya mazishi. Aghalabu husubiriwa mpaka marehemu mwenyewe adai. Jamaa huota ndoto, mtoto huugua bila sababu inayoeleweka, mambo ya nyumbani huharibika, kisha mganga hueleza kwamba mzee fulani analalamika kuwa amesahauliwa. Hapo ndipo fundi huitwa, nguzo ikachongwa, tembo la mnazi likamiminwa na vitambaa vikafungwa.

Na kikishasimama, hakiondolewi. Ukoo ukihamia shamba jingine, kigango hubaki palepale kilipo. Jua hukipasua, mchwa hukila, mvua hukiozesha. Hilo si uzembe wa waliokiweka, bali ni sehemu ya kazi yake. Mzee anarudi ardhini pole pole, kwa hatua zake mwenyewe.

Sasa mtazame mtu wa pili, yule wa sanaa. Katika miaka ya 1970 na 1980, wanunuzi na wachuuzi waligundua kwamba nguzo hizi hupendeza sana zikiwekwa kwenye ukuta mweupe chini ya taa. Zikaanza kutoweka usiku. Zilipitia maduka ya vitu vya kale Mombasa na Nairobi, zikavuka bahari, zikaishia katika nyumba za matajiri na katika makumbusho ya Marekani, kwa mamia. Kibandiko cha ukutani kiliandika jina la kabila, aina ya mti na makadirio ya umri. Jina la marehemu halikuandikwa, kwa kuwa mwizi hakuuliza.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mzee Kalume Mwakiru. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee huyo akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baada ya muda mfupi vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika, mtafiti mwenzake, Linda Giles, alionyesha picha za mkusanyiko wa makumbusho moja ya Illinois, na Udvardy akakitambua kimojawapo. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ilipofika mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa kwa familia. Mzee Mwakiru hakuwahi kuviona tena, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufariki.

Napenda wanafunzi wangu wakitafakari kisa hiki wasikimbilie upesi kumlaani Mzungu. Anastahili lawama yake, nami nitaifikia. Lakini aliyejua kigango kilipo, aliyejua njia ya kuingilia shambani na mbwa yupi hubweka, hakutoka Los Angeles. Mara nyingi alikuwa kijana wa hapo hapo, pengine wa ukoo huo huo. Njaa ilimsukuma, hilo ni kweli. Lakini njaa peke yake haimfanyi mtu amng'oe babu yake. Ilibidi kwanza afundishwe kwamba yule si babu bali ni kipande cha mti, na kibaya zaidi, kipande cha mti chenye shetani ndani yake. Somo hilo alilipata wapi? Alilipata kwenye mimbari.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wahubiri wetu, wa msikitini na wa kanisani kwa pamoja, kwa heshima zote. Mimi simwambii mtu aamini kwamba kigango kina uwezo. Uislamu na Ukristo vina msimamo wao juu ya kuabudu kisichokuwa Mungu, na msimamo huo haubadiliki kwa kumridhisha mhadhiri. Ninachosema ni kwamba historia ya dini hizi zenyewe haikuwa nyepesi kama mahubiri ya Ijumaa au Jumapili yanavyoifanya.

Chukueni Ukristo. Katika karne ya 8 dola la Bizanti lilitikiswa na ugomvi wa picha takatifu. Kaisari Leo wa Tatu alizipinga, picha zikaondolewa na kuharibiwa, na watawa waliozitetea wakateswa. Jibu lililoshinda lilitolewa na Mtaguso wa Pili wa Nikea mwaka 787. Mtaguso huo ulitofautisha ibada, ambayo ni ya Mungu pekee, na heshima, ambayo yaweza kupewa picha kwa kuwa humwendea yule aliyechorwa. Ugomvi ulifufuka tena na haukwisha mpaka mwaka 843. Na kuna jambo moja ambalo sichoki kulisimulia. Mtetezi mkubwa kuliko wote wa picha za Kikristo, Yohane wa Damasko, aliandika hoja zake akiishi chini ya utawala wa Makhalifa wa Kiislamu, mahali ambapo mkono wa Kaisari Mkristo haukumfikia. Mwenye kutafuta mstari ulionyooka kati ya dini inayopenda picha na dini inayozichukia, ajaribu kuuchora kupitia Damasko.

Mzee wa Kigiriama ukimuuliza kama anauabudu ule mti, atakushangaa. Mungu kwake ni Mulungu, aliye juu. Kigango ni cha mzee aliyekufa, na anachopewa ni heshima, kinywaji na habari za nyumbani. Maaskofu wa Nikea wangeielewa tofauti hiyo bila kuhitaji mkalimani. Wasingekubaliana naye katika yote, lakini wasingemwita mwabudu mti.

Na Uislamu wa pwani yetu? Tunaambiwa kwamba Uislamu hauna sanamu, na ni kweli msikitini hutaikuta. Lakini mkono wa fundi haukukatwa. Uligeuzwa njia. Katika mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandishi ya kufi yaliyochongwa katika jiwe, yakiwa na tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107. Fundi aliyekatazwa sura ya kiumbe alizigeuza herufi kuwa mimea. Washairi wa Pate na Lamu nao waliujenga utenzi juu ya dua na sira ya Mtume, wakaipa lugha hii ninayoiandika nusu ya uzuri wake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi hakusema anatunga sanaa. Alikuwa akiionya nafsi yake na kifo. Leo tunaisoma katika idara za fasihi, tunahesabu mizani na vina, na mara nyingine tunasahau kumuuliza mwanafunzi kama ameogopa.

Tena, atokaye Malindi kwenda Mambrui atakuta makaburi ya kale ya Waislamu yenye minara ya mawe iliyosimama juu ya maiti. Ule wa Mambrui ulipambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina. Wazee wale wa mjini walisimamisha nguzo ya jiwe juu ya wafu wao, na majirani zao wa bara kidogo walisimamisha nguzo ya mti. Sisemi kwamba moja ilizaa nyingine. Hilo nawaachia wanaakiolojia. Nasema tu kwamba mtu anayeiita nguzo ya jirani ushirikina, huku akijivunia ile ya kwao kama urithi wa kihistoria, anahitaji hoja zaidi ya aina ya malighafi.

Katika muziki somo limechukua miaka mingi vilevile. Kwa muda mrefu ngoma ilikatazwa katika makanisa ya misheni kwa sababu ilinuka matambiko. Mnamo 1958, huko Kamina, Kongo, padri Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake walianza kuimba Misa Luba, maneno ya Kilatini juu ya midundo na sauti za Kikongo, na dunia ikasikia. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia, ukakiri kwamba watu wa nchi za misheni wana muziki wao wenye nafasi kubwa katika maisha yao ya dini, na kwamba muziki huo upewe hadhi yake. Mwaka uliofuata Mganda Joseph Kyagambiddwa aliwatungia Mashahidi wa Uganda oratorio yake, wakati Roma ilipowatangaza kuwa watakatifu. Ile ngoma iliyokuwa ya shetani mwaka 1930 ilikuwa ya Bwana mwaka 1964. Ngozi ya ng'ombe haikubadilika. Waliobadilika ni waliokuwa na mamlaka ya kuipa jina.

Tuje sasa kwa mtu wa sanaa, kwa kuwa yeye hujiona hana hatia. Yeye hachomi wala hahubiri. Yeye huhifadhi. Mwaka 2001 Wataliban walipozilipua sanamu za Buddha za Bamiyan, na mwaka 2012 wapiganaji walipoyabomoa makaburi ya mawalii wa Timbuktu, ulimwengu wa makumbusho ulilia, nami nililia nao. Kwa kosa la Timbuktu, Ahmad al-Faqi al-Mahdi alihukumiwa kifungo cha miaka 9 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016. Ilikuwa hukumu ya haki. Waliodhulumiwa walikuwa Waislamu wa Timbuktu waliokuwa wakizuru makaburi yale, na mahakama iliyasikiliza maumivu yao.

Lakini mhifadhi ana imani yake ambayo hajawahi kuikiri: anaamini kwamba kitu kizuri lazima kidumu. Mpeleke basi Kolkata. Mafundi wa mtaa wa Kumartuli hutumia miezi kufinyanga sanamu za Durga kwa udongo na majani makavu, wakazipaka rangi na kuzivika. Sikukuu inapofika kilele, siku ya kumi, sanamu hizo hubebwa kwa ngoma na shangwe hadi mto Hooghly na kutoswa. Udongo hurudi mtoni ulikotoka. Watawa wa Kitibeti nao hupanga mandala ya mchanga wa rangi, chembe kwa chembe, siku baada ya siku, kisha huifagia. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa hayo, wala hapasi kufikishwa. Kwa hiyo kuharibika kwa kitu si uovu wenyewe. Bamiyan ni uovu na Hooghly ni ibada, na kinachozitenganisha ni mkono wa nani umetenda, na kwa ridhaa ya nani.

Kwa kipimo hicho, makumbusho iliyokipulizia kigango dawa ya mchwa na kukiweka katika chumba chenye hewa ya kipimo ilifanya nini? Ilimzuia mzee asiendelee na safari yake. Nakubali kwamba haikukusudia. Tena nakubali kwamba kigango kile kinapendeza pale kilipo, na kwamba mtoto wa Denver aliyekiona huenda alipata heshima kwa Afrika ambayo asingeipata kwingine. Yote hayo hayampi mtu haki ya kushika mali ya wizi.

Baadhi ya makumbusho yameelewa. Makumbusho ya Elimu ya Viumbe na Sayansi ya Denver ilikuwa na vigango 30, ilivyopewa zawadi mwaka 1990. Mwaka 2014 ilitangaza kwamba itavirudisha. Safari yake ni somo zuri kwa watumishi wa umma wanaosoma safu hii. Miaka ilipita watu wakitafuta nani alipe usafirishaji, nani apokee, na vikae wapi. Na vilipowasili Nairobi mwaka 2019, vilikumbana na madai ya ushuru wa forodha. Simlaumu karani. Fomu iliyokuwa mbele yake ina sehemu ya bidhaa, ya sampuli, ya vyombo vya nyumbani na ya kazi za sanaa. Haina sehemu ya mzee anayerudi nyumbani. Lakini tazameni hesabu yenyewe. Sheria za kodi za Marekani humpunguzia kodi mtu anayetoa zawadi kwa makumbusho. Kwa hiyo mtu huweza kunufaika kikodi kwa kukitoa kigango kilichoibwa, na mwenye kigango akadaiwa kodi kwa kukipokea. Katika mlango wa kwanza kinaitwa sanaa na jina hilo linamfaa mtoaji. Katika mlango wa pili kinaitwa sanaa na jina hilo linamuumiza aliyeibiwa.

Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Hizo ni hatua za kupongezwa. Bado, sheria za urithi katika nchi zetu zote huanza kwa kuuliza kitu kina umri gani na kina thamani gani kwa taifa. Swali la nani ni jamaa yake huja nyuma, au haliji. Ningependa wanaosoma sheria walishike hili: kwa kitu kinachosimama kwa niaba ya mtu, familia iulizwe kwanza, wazee wa kaya wa pili, na wizara ije baada ya hao. Ningependa pia forodha ipewe waraka wa ukurasa mmoja unaosamehe ushuru vitu vya ibada na vya maziara vinavyorudishwa kutoka ng'ambo. Waraka wa namna hiyo hauhitaji Bunge lizima. Unahitaji ofisa mmoja mwenye ujasiri wa kuuandika na bosi wake asiyeukalia.

Kwa wahubiri ombi langu ni dogo zaidi. Muumini wako akija kukuuliza afanye nini na kigango cha babu yake, baada ya yeye kusilimu au kubatizwa, usimwambie akichome, wala usinyamaze akakiuza. Mwambie akiache. Asikimiminie tembo kama dhamiri yake inamkataza, na asikiguse. Mchwa watafanya kazi yao, na jirani yake asiyesali pamoja naye hatakuwa na sababu ya kumwona kama mwizi wa wafu.

Limebaki jambo gumu ambalo watetezi wa urejeshaji huliruka. Vingi vya vigango vinavyorudi havina anwani. Vigango vya Mwakiru vilikuwa na picha na mtafiti aliyeikumbuka. Hivi vingine vilipita mikono mingi na hakuna aliyeandika shamba, ukoo wala jina. Havijulikani ni vya nani, na mzee wa watu huwezi kumsimika katika boma la ukoo usio wake. Kwa mantiki ya Gohu yenyewe hili ni tatizo zito, kuwa na koma anayedai bila kujulikana anamdai nani. Wapo wanaopendekeza vikae katika jengo la makumbusho pwani, vikiwa salama na wezi. Huenda ikawa hivyo. Lakini wazee wa kaya wakikaa, wakashauriana, na kuamua kwamba visimamishwe vyote pamoja mahali pa wazi, msituni, bila paa na bila dawa ya mchwa, basi vipelekwe huko, na mhifadhi wa makumbusho aalikwe, akipenda, aje avitazame vikioza.